Lenzi Pana na Adabu ya Kukaribia

Msomaji, mtu akitaka kupima ubora wa jahazi hutazama mkuku, mbao na tanga, wala haridhiki na habari za safari tu. Mtu akitaka kuhukumu shairi hupima vina na mizani kabla ya kuusifu ujumbe. Lakini tukionyeshwa picha ya kamera, aghalabu twasema ni nzuri au ni mbaya kana kwamba ilijipiga yenyewe. Hatuulizi mpiga picha alisimama wapi, alitumia lenzi gani, na lenzi hiyo ilimtaka afanye nini kabla ya kumpa alichokitaka. Maswali hayo ndiyo mwanzo wa uhakiki wa picha, na mtu asiyeyauliza hubaki mtazamaji tu.

Katika insha hii nakualika utazame chombo kimoja kwa makini: lenzi pana ya zamani, iliyofungwa katika kamera yenye kipima umbali. Nitaeleza kwanza jinsi chombo hicho kinavyofanya kazi, kwa sababu tabia ya chombo huingia katika tabia ya kazi. Kisha nitazipima picha za Wamarekani wawili, William Klein, aliyezaliwa mwaka 1926, na Garry Winogrand, aliyezaliwa mwaka 1928, ambao wote walizitafuta picha zao njiani katika msongamano wa watu. Swali ninalotaka tulijibu pamoja ni hili: chombo kinachomlazimisha mtu kuwasogelea wenzake, chamfunza kuwaheshimu au chamfunza kuwavamia?

Yafaa tuanze na kamera yenyewe. Oskar Barnack, fundi wa kampuni ya Ernst Leitz katika mji wa Wetzlar, Ujerumani, aliunda kamera ndogo ya majaribio muda mfupi kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwaka 1925 kamera iliyotokana na majaribio hayo, yaani Leica, ilionyeshwa katika maonyesho ya biashara mjini Leipzig. Ilitumia filamu ya sinema, na kila picha ilikuwa na kimo cha milimita 24 na upana wa milimita 36. Mwaka 1932 ikatoka Leica ya pili, ambayo kipima umbali chake kiliunganishwa na lenzi. Kipima umbali ni kitu rahisi kukieleza. Mbele ya kamera mna vidirisha viwili vilivyoachana kidogo, mfano wa macho ya mtu. Kila kidirisha huleta sura yake ya kitu kinachotazamwa, na mpiga picha huziona sura hizo mbili zimepishana. Azungushapo lenzi, sura moja huisogelea nyingine hata zikalingana na kuwa moja. Hapo hujua kwamba lenzi imewekwa sawasawa na umbali wa kitu kile.

Katika kamera ya namna hii jicho halipiti ndani ya lenzi. Linatazama kwa kidirisha cha kando. Jambo hilo laonekana dogo, lakini lina matokeo makubwa. Kamera yenye kioo cha kuakisi humwonyesha mtu kile hasa kinachoonwa na lenzi, cha karibu kikiwa wazi na cha mbali kikiwa na ukungu, na mara picha inapopigwa kioo huinuka na giza huingia. Kidirisha cha kipima umbali huonyesha vitu vyote vikiwa wazi, vya karibu na vya mbali. Tena huonyesha na vile vilivyo nje kidogo ya mpaka wa picha, hata mpiga picha akamwona mtu anayekuja kabla hajaingia, wala hakuna giza linalomfumba macho wakati wenyewe wa tendo. Ni tofauti ya kuchungulia katika tundu la ufunguo na kusimama mlangoni.

Lakini kila neema ina kodi yake. Kidirisha hakimwambii mtu kwamba kidole chake kimeziba lenzi, wala kwamba kifuniko hakijaondolewa. Na lenzi inapozidi kuwa pana, kidirisha hushindwa kuifuata. Leica M4 iliyotoka mwaka 1967 ilikuwa na mistari ya mpaka kwa lenzi ya milimita 35 na zile ndefu zaidi, lakini haikuwa na mstari wa milimita 28. Mstari huo ulikuja na M4-P ya mwaka 1980. Aliyetumia lenzi pana kabla ya hapo alipachika kidirisha kingine juu ya kamera, akapimia umbali hapa na kutazamia mpaka wa picha pale, au aliamua kukadiria kwa jicho la uzoefu. Kwa hiyo mtu aliyekichagua chombo hiki alikubali tangu mwanzo kwamba picha haitakuwa sawasawa na alivyoiona. Alikubali kushirikiana na bahati.

Sasa tuitazame lenzi. Upana wa lenzi hupimwa kwa pembe inayoonwa kutoka kona moja ya picha hadi kona ya pili iliyo mkabala. Kwa picha ya milimita 24 kwa 36, lenzi ya kawaida ya milimita 50 huona pembe ya yapata digrii 47. Ya milimita 35 huona digrii 63, ya milimita 28 huona digrii 75, na ya milimita 21 huona digrii 92, yaani zaidi ya pembe mraba. Lenzi pana si jambo la jana. Leitz walitoa Hektor ya milimita 28 mwaka 1935, na kampuni ya Zeiss ilitoa Biogon ya milimita 21, iliyobuniwa na Ludwig Bertele, mwaka 1954. Kwa kuwa kamera za kipima umbali hazina kioo cha kuakisi kinachohitaji nafasi ya kuinuka, lenzi hizo ziliweza kuingia ndani hata zikakaribia filamu, na vioo vyake vya mbele vikapangwa kuelekeana na vya nyuma karibu kama mtu na sura yake majini. Mpango huo huifanya mistari iliyonyooka ibaki imenyooka. Kamera zenye kioo zilihitaji mpango mwingine, ambao Mfaransa Pierre Angénieux aliuonyesha kwa lenzi yake ya mwaka 1950.

Faida kubwa ya lenzi pana njiani si upana peke yake. Ni kina cha uwazi. Chukua lenzi ya milimita 28, punguza tundu la nuru hadi alama ya 8, na uweke umbali wa mita 3 na robo. Kila kitu kuanzia kadiri ya mita 1.6 hadi upeo wa macho kitatoka kikiwa wazi vya kutosha. Kwa lenzi ya milimita 50, kwa tundu hilohilo, uwazi huo huanza mita 5 kutoka ulipo, hata ukiiweka kwa hesabu bora kabisa. Maana yake ni kwamba mwenye lenzi pana haitaji kupima umbali kila mara. Hupima mara moja asubuhi, akaiacha lenzi ilivyo, kisha akatembea. Kile kipima umbali chenye sifa nyingi hubaki kimelala, na kamera huwa nyepesi kama jicho lenyewe.

Hata hivyo, lenzi hii yataka malipo, na malipo yake ni hatua za miguu. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Ukisimama mita 10 kutoka kwa mtu na lenzi ya milimita 28, utapata barabara nyingi, mbingu nyingi, na kijitu kidogo katikati. Ili mtu huyo aonekane kwa kimo kilekile ambacho lenzi ya milimita 50 ingempa kutoka mita 5, sharti umsogelee hata mita 2.8. Kwa umbali huo anakuona. Anasikia hatua zako. Yamkini atakuuliza wataka nini. Lenzi ndefu humficha mwindaji kichakani. Lenzi pana humtoa uwanjani.

Hapa yafaa nisahihishe kosa linalosemwa mara nyingi, kwamba lenzi pana huharibu nyuso. Yako mambo mawili tofauti, na mhakiki hana budi kuyatenga. Jambo la kwanza ni pua kubwa na masikio madogo. Hayo hayaletwi na lenzi bali na ukaribu, kwa sababu pua iko karibu nawe kuliko masikio. Ungesimama palepale na lenzi nyingine yoyote, uwiano wa pua na masikio ungekuwa uleule. Jambo la pili ni kichwa kilicho kwenye kona ya picha kuvutwa kama yai. Hilo laletwa na lenzi kweli, kwa sababu inapotandaza pembe pana juu ya filamu bapa, hurefusha vitu vya kona kuelekea nje. Kwa lenzi ya milimita 28 urefusho huo hufika kadiri ya robo nzima kwenye kona kabisa. Wanafunzi waliopigwa picha ya darasa wakasimama mwisho wa mstari wanaifahamu habari hii bila kufundishwa hesabu yake.

Basi na uzee wa lenzi una maana gani? Siku hizi wako watu wengi wanaozitafuta lenzi za miaka ya 1930 hadi 1960 na kuzifunga katika kamera mpya. Jambo hilo lawezekana, kwa kuwa lenzi za zamani za Leica zilikuwa na skrubu ya kipenyo cha milimita 39, na pete ndogo huziwezesha kukaa katika kamera za aina ya M zilizoanza mwaka 1954 na ambazo bado zinaundwa. Watu hao huzisifu lenzi kuukuu kwa maneno matamu: wasema zina joto, zina roho, zina tabia. Mimi sizikatai sifa, lakini nataka tujue ni nini kinachosifiwa.

Sifa ya kwanza ni weupe mwororo kama ukungu wa alfajiri. Asili yake ni hii: kila uso wa kioo unaokutana na hewa hurudisha nyuma sehemu 4 hadi 5 katika kila sehemu 100 za nuru. Lenzi yenye nyuso 6 za namna hiyo hupoteza karibu robo ya nuru yote, na baadhi ya nuru hiyo hutangatanga ndani hata ikaanguka juu ya vivuli na kuvififisha. Mwaka 1935 Alexander Smakula wa kampuni ya Zeiss alibuni njia ya kupaka vioo utando mwembamba wa kuzuia hasara hiyo, na baada ya Vita vya Pili vya Dunia utando huo ukawa wa kawaida. Sifa ya pili ni giza la kona, linaloufanya uso wa katikati ung'ae kama uliomulikwa kwa taa. Asili yake ni umbo la lenzi: miali iendayo kwenye kona husafiri mbali zaidi na huanguka kwa mshazari. Kwa lenzi ya milimita 28 yenye mpango ule wa zamani, kona hupata kadiri ya sehemu 2 tu kati ya 5 za nuru ya katikati.

Filamu iliustahimili mshazari huo. Kamera za dijitali hazikuustahimili vyema. Katika Leica M8 ya mwaka 2006 na M9 ya mwaka 2009 mafundi walilazimika kusogeza vijilenzi vidogo sana vilivyo juu ya kipokea nuru ili viielekee miali ya mshazari, na hata hivyo baadhi ya lenzi pana za zamani hutia rangi isiyotakiwa kwenye kingo za picha. Kwa hiyo anayesema lenzi kuukuu ina roho amezisifu, kwa jina jingine, nuru iliyopotea na miali iliyopinda. Si dhambi kuzipenda dosari. Sauti ya mzee iliyokwaruza huweza kuisimulia hadithi vizuri kuliko sauti ya kijana. Lakini haisimulii vizuri kwa sababu imekwaruza; yasimulia vizuri kwa sababu mzee ana hadithi. Picha ya ukuta mtupu, ijapokuwa imepigwa kwa lenzi ya mwaka 1935, ni picha ya ukuta mtupu yenye kona za giza.

Tuwageukie sasa watu walio na hadithi. William Klein alizaliwa New York, akaishi Paris, na mwaka 1954 akarudi kuupiga picha mji wake wa kuzaliwa kwa macho ya mwana aliyekwisha kuwa mgeni. Alitumia Leica na lenzi pana, na kitabu chake kilitolewa Paris mwaka 1956 baada ya kukosa mchapishaji Marekani. Mwaka 1957 kilipewa Tuzo ya Nadar huko Ufaransa. Kabla yake, sifa ya kamera ndogo ilikuwa mikononi mwa Henri Cartier-Bresson, Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1908, aliyependa lenzi ya milimita 50, mpangilio mtulivu, na kutoonekana na mtu. Klein aliyakataa yote matatu. Picha zake zina chenga, nyuso zilizokatwa, mikono inayoingia kutoka pembeni, na watu wanaomtazama mpiga picha bila haya.

Picha yake mashuhuri yamwonyesha mtoto akiielekeza bastola ya bandia kwenye lenzi, uso wake umekunjamana kwa hasira. Kando yake yuko mtoto mdogo zaidi anayetazama kwa utulivu, kama malaika asiyejua vita. Bastola imekuja mbele mno hata imekuwa doa kubwa lisilo wazi, na uso wa hasira umejaa nyuma yake. Ukiiangalia kwa haraka wasema huu ndio ukatili wa mji. Lakini Klein mwenyewe alieleza baadaye kwamba mtoto yule alikuwa akiigiza, kwa sababu aliombwa aonyeshe ukali. Wengine hulihesabu jambo hilo kuwa aibu ya picha. Mimi nalihesabu kuwa heshima yake. Kwa umbali wa mkono mmoja hapana kujificha. Mtoto ajua anapigwa picha, mpiga picha ajua kwamba anajulikana, na ile hasira ni mchezo ambao wote wawili wameukubali. Lenzi pana imeyalazimisha mazungumzo, na picha ni tunda la mazungumzo hayo. Lawama yangu kwa Klein ni nyingine: mazungumzo yake mara nyingi yana sauti moja ya juu. Kurasa zake zikipiga kelele zote pamoja, msomaji hukosa mahali pa kunong'onezwa.

Garry Winogrand alikuwa mtu wa tabia tofauti. Alizaliwa katika mtaa wa Bronx, New York, na mwaka 1967 picha zake zilitundikwa pamoja na za Diane Arbus na Lee Friedlander katika maonyesho yaliyoitwa New Documents, yaliyoandaliwa na John Szarkowski katika jumba la sanaa za kisasa la mji huo. Alitumia Leica, na kwa sehemu kubwa ya kazi yake lenzi ya milimita 28. Hakuongea na watu kama Klein. Alipita kati yao, akainua kamera, akatabasamu, akaenda zake kabla hawajafahamu kilichotendeka. Basi lenzi pana yaweza pia kumsaidia mtu kuiba karibu, na hapo ndipo uhakiki wetu unapokuwa mgumu.

Chukua picha yake iliyopigwa Los Angeles mwaka 1969. Wasichana watatu waliovaa vizuri wanatembea juu ya njia ya miguu, na jua lililo nyuma yao limevitupa vivuli vyao mbele. Kushoto, katika kivuli, yuko mtu katika kiti cha magurudumu, kichwa chake kimeinama. Wasichana wanamtupia jicho wapitapo. Kulia, kwenye benchi, yuko mvulana naye anatazama. Lenzi nyembamba ingelazimika kuchagua: ama uzuri wa wasichana, ama masikitiko ya mtu yule. Ingepata picha ya mavazi au picha ya sadaka, na zote mbili tumeziona mara elfu. Uwanja mpana umeyashika yote mawili, ukaongeza na la tatu, yaani macho ya watazamaji. Tunawaona wakitazama, na ghafula twakumbuka kwamba na sisi tunatazama. Mtu wa kiti hakuombwa ruhusa, ni kweli. Lakini picha haimcheki wala haimwombei. Yatuuliza sisi tuliopita mbele ya watu kama yeye tulimtupia jicho la namna gani. Hapa upana umefanya kazi ya haki: umemleta aliyetazamwa pamoja na wanaomtazama, kama baraza linavyowaita mshtaki na mshtakiwa siku moja.

Sasa weka kando yake picha ya mwaka 1967, iliyopigwa katika bustani ya wanyama ya Central Park. Mwanamume Mweusi na mwanamke Mzungu, wote wawili nadhifu, wanatembea pamoja, na kila mmoja amembeba sokwe aliyevishwa nguo kama mtoto. Mwaka huohuo, mwezi wa Juni, Mahakama Kuu ya Marekani ilibatilisha sheria za majimbo zilizokataza ndoa za watu wa rangi mbalimbali. Mtazamaji wa wakati ule alijua habari hiyo, na wako waliouona katika picha mzaha mchafu ambao wabaguzi walikuwa wakiusema kwa midomo yao. Watetezi wa Winogrand husema yeye aliupiga ulimwengu ulivyokuwa, na kwamba mzaha u katika kichwa cha mtazamaji. Utetezi huo una ukweli nusu. Picha yenyewe haisemi neno. Lakini kule Los Angeles uwanja mpana ulituletea jawabu ndani ya picha. Hapa haukuleta jawabu. Watu wale wawili hawatutazami, hawajui tutakachosema, na hakuna kitu pembeni kinachowatetea. Watazamaji wamepewa fimbo, nao wamekabidhiwa mikono mitupu.

Hii ndiyo hukumu yangu, nawe waweza kuipinga ukiwa na hoja. Lenzi pana huonyesha mambo mengi kwa wakati mmoja, lakini wingi si maelezo. Huonyesha nani alikuwapo. Haionyeshi kwa nini alikuwapo. Mpiga picha akiutumia upana kukusanya vitu vinavyojibizana, ukaribu wake wapata sababu. Akiutumia kukusanya vitu vinavyogongana tu ili tucheke au tushangae, ukaribu wake ni uvamizi, hata kama picha ni ya ajabu. Na kipimo hiki hakimhusu Winogrand peke yake.

Maisha yake ya mwisho yana funzo jingine. Alipofariki dunia mwaka 1984, akiwa na umri wa miaka 56, aliacha yapata filamu 2,500 zilizopigwa ambazo hazijasafishwa. Filamu moja huchukua picha 36, basi hesabu yake yakaribia picha 90,000 ambazo yeye mwenyewe hakuziona kamwe. Mshika mawili moja humponyoka. Mshika maelfu je? Chombo kisichomtaka mtu apime umbali, kisichomfumba macho, kisichomchelewesha, huweza kumfikisha mahali pa kupiga bila kutazama na kutazama bila kuchagua. Wepesi ule uliokuwa fadhila yake ukawa mtego. Kuchagua ni nusu ya kazi ya sanaa, na nusu hiyo haifanywi na lenzi.

Pengine utaniambia, msomaji, kwamba habari hizi ni za New York na Los Angeles, na wewe huna Leica wala Hektor. Tafadhali itoe simu yako mfukoni. Lenzi kuu ya simu nyingi za leo huona pembe iliyo karibu sana na ile ya lenzi ya milimita 24 hadi 28 katika kamera ya filamu. Unachukua mkononi lenzi ileile ya Winogrand kwa kadiri ya upana wake, yenye kina kirefu zaidi cha uwazi, isiyohitaji kidirisha cha pili wala hesabu ya tundu, na isiyo na kikomo cha picha 36. Wapiga picha wa zamani walihitaji miaka ya mazoezi ili waweze kumkaribia mtu na kumpiga kabla hajageuka. Wewe umeupewa uwezo huo pamoja na chaja.

Waswahili husema macho hayana pazia. Ni methali ya kweli: mtu akiwa njiani huwezi kumkataza mwingine asimwone. Lakini jicho lionapo husahau, na kamera ionapo hukumbuka, kisha huonyesha wengine ambao hawakuwapo. Ndiyo sababu Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 31, inatambua haki ya kila mtu ya faragha. Sheria huweka mpaka wa chini kabisa. Adabu yataka zaidi ya mpaka huo. Mwanafunzi mwenzako aliyeanguka uwanjani, mama aliyelala kwa uchovu ndani ya matatu, mzee anayezozana na kondakta juu ya nauli, wote wako katika pembe ya lenzi yako. Kabla ya kubonyeza, uliza: hapo pembeni mwa picha pana nini kitakachomjibia mtu huyu watakapomwona wasiomjua? Kama hapana kitu, sogea hatua moja zaidi, umsalimu, umwambie unalotaka kufanya. Huenda akakataa, nawe utakuwa umekosa picha moja. Huenda akakubali, akakunja uso kama yule mtoto wa bastola, nanyi mtakuwa mmeitengeneza picha wawili.

Ama wewe unayetamani lenzi kuukuu kwa sababu ya ule ukungu na zile kona za giza, itafute ukiweza, uifunge kwa pete yake, uipime juani na kivulini hata uijue kama fundi ajuavyo randa yake. Jaribu hivi: chagua mahali pamoja, sokoni au kituoni, uende siku tatu na lenzi hiyohiyo moja, upige picha 36 tu kwa siku zote tatu. Siku ya nne uzitandaze mezani, uondoe 30, na kwa kila moja kati ya 6 zilizosalia uandike mstari mmoja unaoeleza kwa nini ulisimama karibu kiasi kile. Ile usiyoweza kuiandikia mstari, iondoe nayo.